Wapagazi wa Pembeni mwa Picha

Mume wangu alifariki Jumatano, tarehe 6 Novemba 2024, katika chumba chetu cha Abu Hamour, huku ughaibuni. Ukutani aliacha picha za maafisa wa Kijerumani waliopigana Afrika Mashariki katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kila mmoja na nishani kifuani na saini yake ya wino chini. Marehemu alikuwa dereva. Aliziagiza moja moja kutoka Ulaya, na madereva wenzake hawakumwacha apumue kwa utani.

"Shehe, wajomba zako hawajambo?"

"Wanakusalimu. Wanauliza mzigo wao utakuja kuubeba lini."

Maafisa hakuwajali. Babu yake mzaa baba alichukuliwa na jeshi lao kijijini kwao, karibu na Korogwe, akabebeshwa mizigo, asirudi tena. Hakuacha picha wala kaburi. Kwa hiyo kila picha ilipofika, mume wangu aliiziba sura ya afisa kwa kiganja, akawatazama wapagazi waliosimama nyuma ya kiti cha huyo afisa.

Eda ilipokwisha, ilinibidi nijiandae kuondoka, kwa kuwa kibali changu cha kuishi huku kilitegemea cha marehemu. Jumamosi, tarehe 26 Aprili 2025, nilizipeleka picha The Pearl, mtaa wa matajiri, kwa mzee wa Kijerumani anayekusanya saini za wanajeshi waliotunukiwa nishani. Nilitaka zipate mtunzaji. Alinikaribisha kwa heshima na chai akaimimina mwenyewe. Tulizungumza Kiingereza, lugha niliyoisoma ukubwani. Mtihani wa kidato cha nne niliufanya nikiwa na miaka thelathini na tisa, na sioni haya kulisema.

Alizisifu saini. Kisha akachukua kadi nyeupe iliyokatwa dirisha katikati, akailaza juu ya picha ambayo mume wangu aliipenda kuliko zote. Afisa akabaki, saini ikabaki. Wapagazi wote wakafunikwa.

"Nitaiweka hivi kwenye fremu," alisema.

"Na hawa je?"

"Hao, mama, hawajulikani."

Hakusema kwa dharau. Alisema kweli, na ukweli huo ndio ulionichoma.

"Basi naomba unirudishie. Zote."

"Nimekukosea?"

"La. Ila aliyezinunua alizinunua kwa ajili yao."

Alizifunga upya kwa uangalifu, akanisindikiza hadi kwenye lifti.

Ndani ya metro niliitoa ile picha. Mpagazi mmoja alikuwa ametikisika, uso ukatoka kama moshi. Wengine wameikazia macho kamera. Hapo ndipo nilipotambua jambo ambalo sikuwahi kumuuliza mume wangu: angemtambuaje babu yake? Babu alipochukuliwa, baba mkwe alikuwa bado ananyonya. Hakuna aliyebaki wa kusema sura yake ilikuwaje. Labda mume wangu alikuwa akitafuta paji la uso la baba yake, ambaye mimi sikumkuta hai.

Mimi nilikuwa na sura moja tu ya kulinganisha. Niliwapitia mmoja baada ya mwingine, hata yule wa moshi, nikiitafuta sura ya mume wangu. Sikuiona.