Sufuria Iliyomwogopa Nguma

Kitendawili.

Hana miguu, lakini ukimpa kisogo tu, kashapanda ukuta na kukurukia.

Hamna? Nipeni mji. Changamwe? Haya, nimekwenda, nimekula, nimeshiba. Jibu ni povu la bia likiwa jikoni.

Nalo lilikaribia kumla babangu, Nguma, mwaka wa arobaini na tatu, vita vikiwa vimepamba moto.

Nguma alikuwa mgema. Mnazi wa watu ukamwangusha, nyonga ikagoma kupanda tena, akaingia kiwanda cha bia. Kazi yake ilikuwa kusimama jukwaani na kukoroga sufuria ya shaba, kubwa kuliko chumba alicholala na mkewe, Kafedha.

Sufuria ile ilitakiwa iachwe nafasi juu, povu lipate pa kuinukia. Na moto upunguzwe kabla haijachemka, si baada. Hayo hata paka wa kiwandani aliyajua.

Lakini askari walikuwa na kiu, na nyapara wa kiwanda, Erastus, alikuwa na njaa ya sifa.

"Jaza mpaka mdomoni," akasema.

Odhiambo, aliyekoroga kabla ya Nguma, alijaza. Povu likamshukia miguuni. Alikuwa bado yuko hospitali, kalazwa chali, miguu imeviringishwa kama mapacha wachanga.

"Na mimi nikiungua?"

"Ukiogopa, lango lile pale."

Kafedha alipohadithiwa, hakulia. Aliuliza tu, "Mnakorogea nini?"

"Mwiko. Ndio huu hapa."

Maana mgema haachi zana zake zikalala kwa watu, zisije zikachezewa. Kila jioni Nguma alirudi nyumbani na mwiko begani, mrefu kama kasia, na njia nzima watu wanamuuliza, "Nguma, leo harusi iko wapi?"

Basi ajabu ikaanza.

Sufuria inajazwa pomoni, inatokota, povu linainuka... halafu linanywea lenyewe, kama mtoto aliyetupiwa jicho na babake.

Nguma akavimba kichwa. "Inanijua hiyo," akawaambia wenzake. "Mimi nimetiisha minazi, sembuse shaba?"

Bia ikawafikia askari imelala doro. Povu la kuchafua sharubu tu halikuwamo. Wakairudisha, wakasema mkojo wa punda una uhai zaidi.

Mzungu mwenye kiwanda, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Pipa, akawapanga wote langoni saa ya chakula.

"Nani ameua povu langu?"

Akachomoa saa mfukoni.

"Nisipojibiwa, mkorogaji anakwenda kwake leo."

Erastus akatazama mawingu kana kwamba kaona ndege ya adui.

Nje ya lango alisimama Kafedha, kamletea mumewe wali. Akalitua bakuli.

"Jambo, Bwana. Ule mwiko naupaka mafuta ya nazi kila jioni, mpaka unashiba. Nikipika asali ya tembo la mnazi, tone moja la mafuta hulilaza povu. Sikujua likilala jikoni haliamki tena kwenye glasi."

Nguma akamgeukia. "Kumbe si mimi?"

"Wewe, babu, ungekuwa kitanda kimoja na Odhiambo."

Kisha akamkazia macho Bwana Pipa.

"Niliyeua ni mimi. Povu utapata jingine, mume ninaye huyu huyu. Wewe punguza maji sufuriani, na mimi nitapunguza mafuta."