Kinyozi Aliyeshuka Ngazi Kinyumenyume

Asubuhi ya pili baada ya mbio za marathoni, baba mdogo alishuka ngazi kinyumenyume. Tunakaa ghorofa ya tatu, na mapaja yake yalikataa katakata kuteremka kwa mbele. Akitanguliza mguu, goti linalegea kama kamba iliyolowa. Kwa hiyo alishika ukuta, akatanguliza mgongo, akashuka kama mtoto anayejifunza kutoka kitandani. Jirani wa ghorofa ya pili alikuwa anafagia mlangoni kwake.

"Injini! Leo umeingiza rivasi?"

"Breki zimekwisha," baba mdogo alijibu, anacheka. Mimi niliyekuwa chini yake nikimwekea bega niliona jinsi shati lilivyolowa jasho, na jua lilikuwa bado halijatoka sawasawa. Mama mdogo, mke wake, alitutangulia. Tulikuwa tunakwenda hospitali.

Injini ndilo jina lake mtaani. Ni kinyozi, ana miaka arobaini na mitatu. Kila alfajiri hukimbia, huoga, hufungua duka lake la kunyolea, husimama hadi jioni. Nakaa kwake tangu nilipoacha shule nikiwa darasa la tano, na sijapata kumsikia akisema anaumwa. Ukimwuliza habari, nzuri. Akijikata kidole, nzuri. Wiki ile ya mbio alikuwa na homa. Nilimwona akimpa mke wake mgongo ili ameze vidonge vya maumivu. Akameza vingine asubuhi ya mbio. Kilomita arobaini na mbili, jua la utosi, kilima kilekile mara mbili. Alimaliza kwa saa tano na dakika kumi na moja, akatapika, akapiga picha, akarudi nyumbani.

Daktari alikuwa kijana, mpole, anaandika huku anauliza.

"Habari za leo, kaka?"

"Nzuri tu, daktari."

"Homa je?"

"Ya kawaida."

"Mkojo?"

"Salama."

Daktari akaweka kalamu mezani. "Mkojo salama ndiyo mkojo wa namna gani?"

Mama mdogo anauza vitambaa, kutwa nzima anapima, na hapendi kitu kisicho na kipimo. "Mweusi kama kahawa, daktari. Tangu jana jioni. Na alivyotetemeka, kitanda kilikuwa kinagonga ukuta. Huyu ukimwuliza habari atakwambia nzuri hata akiwa ndani ya jeneza."

"Mke wangu, taratibu."

"Taratibu ungekimbia wewe!"

Walimlaza siku tatu, dripu mkononi. Daktari alitueleza kwamba misuli ilikuwa imevunjikavunjika ndani, taka zake zikamiminikia kwenye figo, na ile homa na vile vidonge vikazidi kuzilemea. Akipumzika, figo zitarudi sawa. Akijilazimisha, huenda zisirudi. Wiki nne asisimame kazini, anywe maji, na asimeze kidonge chochote bila kuuliza.

Nyumbani alikuwa mtu mwingine. Alisinzia chakula kikiwa mdomoni. Kupiga mswaki kulimchosha mpaka anakaa ukingoni mwa kitanda, brashi mkononi, anakusanya nguvu za kwenda kusukutua. Siku moja aliniambia, bila mimi kuuliza, "Uchovu ninaoujua mimi unalala nao, asubuhi unaamka haupo. Huu tunaamka wote."

Mchana alikaa dirishani. Chini, duka lake lilikuwa limefungwa, na ng'ambo ya barabara kuna kinyozi mwingine, kijana mwenye viti viwili na feni. Baba mdogo alikuwa anawatambua wateja wake kwa visogo vyao tu.

"Yule wangu, anaingia kule. Yule naye, miaka minane nimemnyoa, tazama asivyo na haya!"

Siku ya tisa alivaa viatu.

"Unakwenda wapi, baba?"

"Kupumzika."

"Wapi?"

"Dukani. Nitapumzikia huko."

Mama mdogo alikuwa kazini. Nilichukua chupa ya maji nikamfuata. Alifungua, akafuta kioo, akatundika taulo, na kila baada ya jambo moja aliegemea kaunta. Hatukukaa sana, Mwalimu akaingia. Huyu ni mzee mstaafu ambaye baba mdogo amemnyoa ndevu kila Ijumaa kwa miaka kumi na moja, kwa wembe, kwa sababu mashine inamtoa vipele.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Injini imetoka gereji?"

"Imetoka."

"Umepona kabisa?"

"Kabisa."

Mwalimu akakaa, akalaza kichwa, akafumba macho. Baba mdogo akampaka povu, akatia wembe mpya, akausogeza mpaka chini ya taya. Hapo ukasimama. Ulikuwa unatetemeka, si sana, kama jani upepo ukiwa mdogo. Akashika kiwiko cha mkono ule kwa mkono mwingine. Ukaendelea kutetemeka. Koo la Mwalimu lilipanda na kushuka, anameza mate.

Baba mdogo alirudisha wembe kwenye kaunta.

"Mwalimu, nimekudanganya. Naumwa. Mkono haukai."

Mwalimu alifumbua jicho moja. "Na ulikuwa umenishika koo?"

"Nilikuwa nimekushika koo."

"Haya. Ahsante kwa taarifa."

Baba mdogo hakumfuta lile povu. Alimshika mkono wakavuka barabara, mzee na ndevu zake nyeupe za sabuni, watu wanageuka, mtu wa pikipiki anawapigia honi. Nikafuata na chupa. Yule kijana wa ng'ambo alikuwa anamnyoa mteja. Alizima mashine, akatutazama mmoja mmoja.

"Kaka Injini?"

"Nimekuletea Mwalimu. Wembe, si mashine. Fuata nywele zinakolala, na hapa chini ya sikio ana kovu, lizunguke. Mimi nina wiki tatu zaidi za kulala."

"Pole sana, kaka. Kaa basi."

Baba mdogo alikaa kwenye benchi, ameegemea ukuta, macho ameyakaza kwenye mkono wa yule kijana tangu shavu la kwanza. Wembe ulipofika kidevuni akaninong'oneza, "Anaujua wembe." Mwalimu aliposimama kujitazama kwenye kioo, baba mdogo alikuwa amelala, mdomo wazi.

Kijana alirudi kwa yule mteja wake wa kwanza, kichwa kimenyolewa nusu. Akaishika mashine, akamtazama aliyelala, akaiweka chini bila kuiwasha, akachukua mkasi.