Picha za Harusi Zilizokwenda Lamadi

Bwana harusi wa Lalago aliniachia namba ya simu ya kumtumia picha zake. Nilipomaliza kuzihariri, nikatuma linki kutoka studio yangu hapa Bariadi. Haukupita muda simu ikaita. Alikuwa mama mtu mzima, na nyuma yake nilisikia watu wakipatana bei ya samaki.

"Mwanangu, nimezifungua," alisema. "Huyu aliyesimama nafasi ya mama ni nani?"

Nikamwambia nilielezwa ni shangazi wa bwana harusi. Akauliza kama bwana harusi alikula vizuri siku ile. Nilipomuuliza yeye ni nani, akasema yuko Lamadi, akakata.

Niliogopa kwamba nimetuma picha za watu kwa mtu asiyehusika. Nikampigia bibi harusi, ambaye namba yake nilikuwa nayo, akampa mumewe simu, nikamsomea ile namba.

"Hujakosea," alisema. "Ni ya mama. Hakutaka nioe kwenye familia hii, ndiyo maana hakuja."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenishauri nimpigie kwanza."

Pengine ni kweli. Akaniomba nimtumie mama hata zile nilizoziacha kwa sababu hazikutoka vizuri. Nikazituma. Mama akanirudishia moja tu, bwana harusi akicheka huku amefumba macho, bila neno lolote. Mpaka leo sijui kama alikuwa anashukuru, au ananionyesha ile ambayo hakuitaka.