Mlio wa Kichuguuni

Enzi zetu habari ilisafiri kwa koo la mtu. Huku kwetu upande wa Masinga, jambo baya likitokea, mama alipanda kichuguu nyuma ya boma akapiga uuui ndefu, na kilima cha pili kikapokea. Unaacha sahani ya muthokoi, unaacha mchezo, kaptura imepasuka nyuma na hujali, unakimbia. Mama alikuwa anatuambia, "Ukiitwa, enda kwanza. Utauliza ukifika." Siku moja tulikimbia kijiji kizima na mapanga, kumbe mzee fulani ameibiwa kuku. Tukacheka, tukanywa uji wake, tukarudi. Shule niliachia darasa la tatu, mbuzi walikuwa wengi, lakini hilo somo lilinishika.

Sasa kiangazi kilichopita Katune, ng'ombe wa dada yangu Mbithe, alitumbukia kwenye shimo la choo kipya. Dada hana mwingine, na maziwa ya huyo ndiyo yanamlisha. Mjukuu wake Mueni hakukimbia popote. Alitoa simu, akapiga picha, akatuma kwa grupu ya kijiji. Simu ikaanza kulia, ti, ti, ti.

"Wanasemaje?" Mbithe akauliza.

"Wanasema pole, susu," Mueni akamwambia nyanya yake. "Huyu ametuma mikono ya maombi."

"Wanakuja?"

Mueni akasoma tena. "Huyu anauliza kama ni ng'ombe wa gredi au wa kienyeji."

Katune alikuwa anahema, udongo unamwangukia mgongoni. Dada yangu akaacha kuuliza. Akapanda kichuguu, kile kile cha mama, na magoti yake mabovu, akapiga uuui. Ilianza nyembamba, ikakwaruza, halafu ikashika.

Vijana wa jirani wakatoka, simu mkononi. Mmoja akasema, "Kwani susu ameingia kwaya?" Lakini wazee walikuwa wameshapita mbio na kamba, na hao vijana wakafuata, maana ukiona wengine wanakimbia, miguu inajitoa yenyewe. Tulimvuta Katune jua likiwa bado liko, amechubuka tu. Nikaangalia zile nyuso. Wengi ndio walikuwa wametuma mikono ya maombi, na kwao ukitoka hapa unafika chai haijapoa.

Siwalaumu. Kwa simu mimi najua mjukuu wangu wa Syokimau amekula nini leo, na zamani mtu akienda Mombasa tulikaa kama tumemzika mpaka siku atatokea. Ila sisi tulienda, ndio tukauliza. Siku hizi watu wanauliza, na wakishajibiwa wanaona ni kama wameenda.

Juzi Mueni alitaka kumwingiza susu yake kwa grupu. Mbithe alikuwa anamkamua Katune, hakugeuka.

"Nikafanye nini huko? Wakinitaka wapige uuui. Nitakuja, hata kama ni kuku."