Vifaranga Juu ya Marumaru

Taata, baba yangu, alinipigia simu nikiwa nafua uani kwa mwenye nyumba wangu, pale Kashai, mjini Bukoba. "Mwanangu," akasema, "watoto wa mama yako wametotolewa." Sikuhitaji kuuliza. Alikuwa anamaanisha vifaranga wa bata bukini.

Mama alikuwa amefariki karibu mwezi mmoja kabla. Katika siku zake za mwisho nyumbani Muleba, akiwa bado na nguvu za kufika jikoni, alimpangia bukini jike mayai kwenye kona, akamwacha aatamie. Dume tulimchinja msibani. Alikuwa anawang'ata waombolezaji, na baba mdogo mmoja, aliyeng'atwa mbele ya wakwe zake, ndiye aliyetoa amri. Nyama yenyewe ilikuwa ngumu kama kandambili. Tuliitafuna tukimtania baba mdogo, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba tulikuwa tunakula kizazi kizima. Pale kijijini hapakuwa na bukini wengine. Mama aliwafuga tangu mimi ni msichana wa shule, na mtu akipotea njia aliambiwa, nenda hadi kwenye nyumba ya mabata makubwa. Sasa kilichobaki kilikuwa ndani ya yale mayai, na Taata alikuwa akienda jikoni asubuhi na jioni kumwangalia jike, yeye ambaye mama akiwa hai hakuwahi kuwatupia hata punje.

Msiba huohuo ndio uliotuletea marumaru. Nyumba ya wazazi wetu ilikuwa ya matofali na bati, lakini sebuleni mama alitandika nyasi, kama Wahaya walivyotandika tangu zamani. Alizikata mwenyewe huko rweya, kwenye uwanda wa nyasi nje ya vibanja vya migomba, akazileta kichwani, akazisambaza zikiwa bado zinanukia. Sisi wanawe tuliosoma tulikuwa tukizionea aibu wageni wakija. Basi kaburi lake lilipowekewa marumaru, maboksi kadhaa yakabaki, na fundi alikuwa bado hajaondoka. Kaka yangu mkubwa akasema, "Mzee hawezi kubaki peke yake analalia majani kama ndama." Tukacheka, tukakubali. Nani angemkatia nyasi sasa? Tukaweka marumaru meupe, tukapaka na kuta rangi ya maziwa, tukapiga picha. Taata alisimama mlangoni, akatutazama mmoja mmoja. "Mmefanya kazi, wanangu," akasema. Kwa Kihaya hiyo ndiyo asante yenyewe, na tuliipokea vichwa vikiwa vimetuvimba.

Nilipokwenda kumwona majuma machache baadaye, nikakuta ukutani mstari wa uchafu, usawa wa kiuno, kutoka mlango wa chumba chake hadi mlango wa nje. Nikamsema. "Taata, rangi mpya hii! Si uchukue fimbo?" Nikausugua kwa sabuni hadi mkono ukauma, naye kakaa kwenye kiti ananitazama. Kaka zangu niliwaambia kwa simu kwamba baba amezeeka ghafla, huzuni imemwingia miguuni. Walikubali. Yalikuwa maelezo mazuri, na hayakumdai mtu chochote.

Ile siku ya vifaranga nilianika nguo nusunusu nikapanda basi la Muleba, kisha bodaboda. Nilimkuta Taata amekaa chini sebuleni, miguu ameinyoosha, vifaranga wamemzunguka. Walikuwa saba, wa manjano iliyochanganyika na kijivu, wazuri mno. Lakini hawakuwa wamesimama. Walilala kifudifudi, miguu imeachana kila mmoja upande wake, na kila walipojaribu kuinuka ilizidi kuteleza na kutanuka. Mama yao alikuwa anahangaika kando huku kucha zake zikikwaruza.

"Walitoka mayaini wazima," Taata akasema. "Nimewafanyia kila kitu kama mama yako. Nimewakosea nini?"

Na kweli alikuwa amefanya kama mama. Mama aliwaingiza sebuleni juma la kwanza pamoja na jike, wasinyeshewe na mvua wala kuliwa na nguchiro. Taata hakupunguza kitu. Kabla ya kuwaleta alikuwa hata amepiga deki, kwa heshima yao.

Nikampigia dada mmoja niliyesoma naye, anayeuza dawa za mifugo mjini Bukoba. Aliniuliza wamekaa juu ya nini. Nikasema marumaru. Akaguna. "Watoe hapo sasa hivi. Mguu wa kifaranga unataka kitu cha kushika. Funga miguu yao kwa kitambaa laini, uache nafasi ya kupiga hatua, na kwenye pumba changanya hamira, maana bukini anahitaji vitamini kuliko kuku. Mifupa ikishakomaa hivyo hainyooki tena." Wiki hiyohiyo ya kwanza, alisema, ndiyo ya kuwahi. Taata alikuwa amesubiri siku kadhaa kabla ya kunipigia, akidhani wamechoka tu.

Nikachana shuka kuukuu. Taata aliwashika, mimi nikafunga. Vidole vyake vilikuwa vinatetemeka, nami nikawa mkali, nikamwambia atulie, jambo linaloniuma hadi leo. Kisha nikachukua mundu wa mama nikaenda rweya. Sikuwa nimekata nyasi tangu ujana, nikajikata hata kidole. Nikatandika sebule nzima, ukuta hadi ukuta, juu ya marumaru yetu.

Tulichelewa. Walikufa mmoja baada ya mwingine, kwani asiyeweza kusimama hafiki kwenye maji. Akabaki mmoja. Huyo nilipomfungua kitambaa siku chache baadaye alisimama, akayumba, akapiga hatua kwenye nyasi, akamfuata mama yake nje. Nililia kwa furaha, halafu nikalia tena kwa sababu nyingine.

"Mmoja," Taata akasema. "Atapandana na nani? Ya mama yako yameishia hapo."

Akainuka kwenye kiti amfuate yule kifaranga. Akavuka sebule katikati, juu ya nyasi, mikono ameifunga nyuma kama zamani alipokuwa akikagua kahawa yake. Hakugusa ukuta. Nikautazama ule mstari, ambao ulikuwa umeanza kurudi pale nilipousugua.

"Taata," nikamwita, "kwa nini hukutuambia kwamba sakafu inakutelezesha?"

Alikuwa amefika mlangoni. Aligeuka taratibu, akanitazama bila kinyongo chochote.

"Mlikuwa mmefurahi sana," akasema.