Kengele za Ng'ombe Ndani ya Spika

Juzi nilikuwa kwa fundi simu pale Nyamongo. Nesi mmoja, mgeni aliyehamishiwa huku kutoka Mbeya, alikuwa anajaribu spika yake iliyotengenezwa. Akafungulia albamu anayosikiliza akitaka kupumzika: haina mwimbaji, ni kinanda cha umeme kinachovuta sauti taratibu, nyuzi za litungu, kinubi cha huku, na, kwa mbali, kengele za ng'ombe.

"Dada, wimbo wenyewe unaanza saa ngapi?" fundi akauliza. Nami nilitaka kuuliza hivyo hivyo.

Mzee aliyeleta simu yake ya kitochi kuchaji akainua mkono tunyamaze. Akageukia mlangoni, akapiga mluzi mrefu, ule wa kuita ng'ombe.

Fundi akacheka. "Mzee, hiyo ni spika."

"Mura, najua ni spika. Mimi naita tu."

Kengele zikafifia. Akatueleza kwamba ng'ombe wake aliwauza wote ili watoto wasome. Ila kwao ng'ombe akiuzwa huvuliwa kengele kwanza, kwa hiyo kengele anazo, ziko chini ya kitanda. "Lakini hazilii zenyewe," akasema.

Nesi akataka kumtumia albamu. Kitochi hakina pa kuiweka.

"Basi, binti yangu, jioni ukitoka kazini pita nayo nje kwangu. Pita polepole. Lango la zizi nitakuwa nimefungua."

Jana jioni nilikuwa tena kwa fundi. Nesi akapita na spika yake, akitokea kwa mzee. Safari hii fundi hakuuliza wimbo unaanza saa ngapi.

"Dada," akaita, "wameingia wote?"