Besi Peke Yake

Idwal Parry, mpasua mawe mstaafu, anapika ugali wake wa shayiri chini ya mimbari. Watalii wakichungulia humwambia, "Bahati yako mzee, nyumba kubwa hivi!" Bahati gani? Ukikohoa humo, unaitikiwa na kuta.

Lilikuwa kanisa letu hilo. Tulipobaki waumini tisa na paa linavuja, tukapiga kura: wanne lifungwe, wanne lisifungwe. Idwal, wa tisa, akanyoosha mkono lifungwe. Kisha, akihofia lisije likawa baa, akalinunua mwenyewe. Hapo ndipo alipojiharibia.

"Kumbe ulilifunga ili uhamie!" dada yake Tegwen alimpasulia mbele ya watu. "Mguu wangu hautakanyaga humo." Na Tegwen akisema, kasema. Mwaka wa saba huu.

Ila Jumapili ya Maua, wiki moja kabla ya Pasaka, hakuna mtu bondeni kwetu anayeacha kaburi la wazazi bila maua, na la wazazi wao liko chini ya dirisha la jiko la Idwal. Basi kila mwaka anapika supu ya kondoo na liki, vile vitunguu vya majani marefu, anaacha mlango wazi, anamngoja dada yake. Kila mwaka Tegwen huosha jiwe, hupanga maua, huyooo anaondoka.

Mwaka huu alikuja na fimbo, ana miaka themanini na mmoja, kaandamana na jirani yake Menna. Walipomaliza wakaimba. Huku Wales kila mtu ana sauti yake, na huzikwa nayo: Tegwen soprano, Menna alto, Idwal besi. Na besi peke yake si wimbo, ni kunguruma tu. Ikamtoka Idwal yenyewe huko jikoni, upawa mkononi. Nje hawakunyamaza. Beti zote tatu waliimba pamoja, Idwal analia waziwazi.

"Dada, pita ndani! Supu ipo!"

"Bado unauvuta mwisho, kama baba."

"Njoo unirekebishe basi!"

"Nilishasema, Idwal."

"Wewe Tegwen nawe! Utu uzima wote huo..." Menna akaanza.

"Nyamaza, Menna."

Fimbo ikagonga changarawe kuelekea getini, kisha ikasimama.

"Mwakani ufungue hilo dirisha. Masikio yangu yamechoka."

Dirisha hilo halikutengenezwa lifunguke. Jumatatu asubuhi Idwal alianza kuling'oa, na mwaka mzima ulikuwa bado mbele.